Daktari Asiyeonana na Mgonjwa



Tangu mwaka 2023, makaburi ya Shakahola yalipofukuliwa, neno "mwanapatholojia" limeingia masikioni mwa watu wetu. Kabla ya hapo ni wachache waliolijua. Redioni likawa linatajwa kila jioni, na watu wakalitafsiri wenyewe: daktari wa maiti. Nasi tumekuwa tukiulizwa, baada ya ibada na katika mikutano ya vikundi, swali ambalo lina uzito wake. Hospitali zetu zina uhaba wa dawa, manesi hawatoshi, gari la wagonjwa ni shida. Kwa nini basi daktari mzima agharamiwe masomo ya zaidi ya miaka 10 ili aende kupasua wafu? Hao wafu watapona?

Swali ni la haki, na tutalijibu kwa kirefu kidogo, maana ndani yake kuna jambo linalogusa karibu kila boma kutoka Mtwapa hadi Marafa.

Kwanza tulirekebishe lile jina. Mwanapatholojia ni daktari aliyesomea kutambua ugonjwa kwa kuchunguza kile kilichotoka mwilini: nyama, damu, mkojo, makohozi, maji ya uti wa mgongo. Maiti ni sehemu tu ya kazi yake, na kwa wengi wao ni sehemu ndogo. Siku nyingi amekaa mbele ya hadubini, ile ambayo watu wa maabara huiita maikroskopu, akitazama vipande vya miili ya watu walio hai, ambao wako nyumbani wanangoja kuambiwa. Yeye hawaoni, wala wao hawamjui. Hakuna anayemletea kuku wa shukrani. Pengine ndiyo maana vijana wengi wanaosomea udaktari hawamkumbuki wakati wa kuchagua ubingwa.

Tusimchanganye pia na mtaalamu wa maabara. Yule anayekutoboa kidole na kutazama kama una malaria, anayepima choo na makohozi, ana masomo yake na kazi yake, na bila yeye mwanapatholojia hana la kutazama. Mwanapatholojia ndiye anayesema maana ya kilichoonekana pale ambapo maana haiko wazi, na ndiye anayetia sahihi. Akikosea, daktari wa upasuaji atakata mahali pasipotakiwa.

Uvimbe unaofanana na uvimbe

Tuseme kijana wa Vitengeni ana tezi zilizovimba shingoni. Anakonda, na usiku shuka linalowa jasho. Inaweza kuwa kifua kikuu cha tezi. Inaweza pia kuwa saratani ya tezi, ambayo madaktari huiita limfoma. Ukizibonyeza kwa vidole huwezi kuapa ni ipi. Lakini matibabu hayafanani hata kidogo: mmoja atameza dawa za TB kwa miezi 6, mwingine anahitaji dawa za saratani, tena mapema. Akipewa za TB na kumbe ni saratani, miezi hiyo imepotea na hairudi.

Kinachowatenganisha ni kipande cha nyama kidogo kama punje ya mahindi. Kinatiwa katika formalini ili kisioze, halafu kinapitishwa kwenye spiriti kali na kugandishwa ndani ya nta. Hiyo nta inakatwa kwa kisu cha mashine, vipande vyenye unene wa sehemu 4 au 5 hivi katika 1000 za milimita. Kila kipande kinalazwa juu ya kioo na kutiwa rangi mbili, moja ya zambarau na moja ya waridi. (Ile ya zambarau asili yake ni magogo ya mti wa Amerika ya Kati. Watu wetu waliozoea kupika rangi za ukili hawatashangaa.) Hapo ndipo daktari anaanza kusoma. Na kusoma huku si kama kusoma kitabu, kwa maana hakuna herufi. Kuna maelfu ya nukta, na jicho lazima lijue nukta ipi imekaa pasipo pake.

Jicho la namna hiyo halipatikani darasani peke yake. Linapatikana kwa kutazama maelfu ya vioo huku mwalimu ameketi upande wa pili wa hadubini ileile, anauliza: "Unaona nini? Kwa nini si kile kingine?" Ndiyo sababu masomo haya yanachukua muda.

Kuna ugonjwa mmoja ambao unatuhusu sisi wa pwani kwa namna ya pekee. Mwaka 1958 daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, Denis Burkitt, aliandika juu ya watoto waliokuwa wakivimba taya kwa haraka ya kutisha. Yeye aliuona uvimbe, lakini aina yake ilithibitishwa na wanapatholojia waliokuwa Makerere, Gregory O'Conor na Jack Davies, waliotazama vioo na mwaka 1960 wakaonyesha kuwa ni limfoma. Mwaka 1961 Burkitt na wenzake wawili walipanda gari na kuzunguka Afrika ya mashariki na kusini, safari ya kama maili 10,000, wakiuliza hospitali baada ya hospitali: ugonjwa huu mnao? Wakakuta uko mahali penye joto na mvua, yaani penye malaria nyingi. Kwa Kenya, ni huku pwani na kule kando ya Ziwa Victoria.

Sasa sikilizeni. Chembe za saratani hii zinaweza kuongezeka maradufu kwa muda wa siku 1 au 2 tu. Habari njema ni kwamba ni mojawapo ya saratani zinazoitikia dawa vizuri, ikiwahiwa. Basi mtoto wa Bamba akikatwa kinyama leo, na kinyama hicho kikangoja gari la kwenda Mombasa au Nairobi, kikangoja na zamu yake mezani, halafu majibu yakangoja mtu wa kuyarudisha, hesabu zile wiki, kisha hesabu zile siku mbili mbili.

Njia ya kufika huko

Kijana akimaliza sekondari na alama za kuingia udaktari, anasoma chuo kikuu miaka 6. Anafanya mwaka 1 wa mazoezi hospitalini chini ya wakubwa wake. Kwa kawaida ataajiriwa kwanza na kufanya kazi, kisha arudi kusomea shahada ya uzamili ya patholojia, ambayo ni kama miaka 4. Chuo Kikuu cha Nairobi kinaifundisha pale karibu na hospitali ya Kenyatta, na Chuo Kikuu cha Aga Khan kinaifundisha katika hospitali yake ya Nairobi. Miaka hiyo anazungushwa kila mahali: mochari, kwenye damu, kwenye vijidudu, kwenye kemia ya mwili, na zaidi ya yote kwenye vioo.

Ukijumlisha ni miaka 11, bila kuhesabu ile ya kazi katikati. Lakini hapo bado anajua mengi kwa wastani. Anayetaka kubobea katika jambo moja, tuseme saratani za damu, au magonjwa ya watoto, au vifo vinavyokwenda mahakamani, ana mafunzo mengine ya mwaka 1 au 2 chini ya bingwa wa jambo hilo. Haya ndiyo madaktari wenyewe huyaita feloshipu. Kwa miaka mingi waliyafuata nje: Uingereza, Afrika Kusini, India, Marekani.

Neno hilohilo lina maana ya pili, na tusipoieleza mtachanganyikiwa. Kuna vyuo vya kitaalamu ambavyo havina majengo ya kufundishia. Vinachukua daktari palepale hospitalini anapofanya kazi, vinampa wasimamizi, vinamtahini, na akifaulu anakuwa felo wa chuo. Uingereza wamefanya hivyo siku nyingi. Chuo chao cha wanapatholojia kilianzishwa mwaka 1962. Kwetu huku walioonyesha njia ni madaktari wa upasuaji, ambao chuo chao cha Afrika ya mashariki, kati na kusini, COSECSA, kilianzishwa mwaka 1999. Wanapatholojia nao wana chao cha kanda hiyo, kinaitwa COPECSA, chini ya jumuiya ya afya ambayo makao yake yako Arusha.

Sisi tunaipenda njia hii ya pili, na tutasema kwa nini. Daktari anayefunzwa huku anasoma miili ya huku. Anakutana na mayai ya kichocho ndani ya kibofu cha mkojo, na saratani inayoweza kuzuka baada ya kichocho kukaa humo miaka. Anakutana na seli mundu, na wengu lililojaa malaria, na TB mahali ambapo vitabu havikuitegemea. Aliyesomea London atayasoma hayo kwenye kitabu na kuyaona mara chache. Tena akisomea hapa, muda wote wa masomo hospitali inakuwa na mtu. Ni kweli kwamba wenzetu wana mashine ambazo sisi hatuna, na kwa mambo mengine itabidi mtu asafiri. Lakini aende akijua anarudi kwenye meza gani. Daktari asiye na mashine ya kukatia nta, asiye na formalini, asiye na mtaalamu wa kumwandalia vioo, atakaa hapa mwaka mmoja kisha atakwenda mahali atakapofanya kazi aliyoisomea. Nani atamlaumu?

Uhaba wenyewe ni wa kusikitisha. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba huduma za patholojia katika Afrika kusini mwa Sahara zilikuwa kama sehemu moja ya kumi ya zile za nchi tajiri. Na mwaka 2021 tume ya wataalamu iliyoundwa na jarida la madaktari, Lancet, ilikadiria kwamba asilimia 47 ya watu wote duniani hawana vipimo vya magonjwa, au wanavyo kwa shida sana.

Kilifi imekwisha kuonyesha

Msidhani mambo haya ni ya mbali. Katika hospitali ya Kilifi kumekuwa na kituo cha utafiti cha KEMRI pamoja na shirika la Wellcome la Uingereza tangu mwaka 1989. Wengi wetu tumewahi kuhesabiwa nyumbani na watu wake, na wengine bado wananung'unika: hawa wanachukua damu wanaipeleka wapi?

Tuwaambie ilikopelekwa sehemu yake. Zamani mtoto mwenye homa kali aliyelazwa alihesabiwa kuwa na malaria, basi. Kuanzia mwaka 1998 maabara ya Kilifi ikawa inaotesha damu ya watoto wanaolazwa, yaani kuiweka kwenye chupa yenye chakula cha vijidudu na kungoja kuona kama kitaota kitu. Hadi mwaka 2002 walikuwa wamelazwa watoto zaidi ya 19,000. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2005 yalionyesha kwamba katika watoto waliofia hospitalini, asilimia 26 walikuwa na bakteria ndani ya damu. Zaidi ya mtoto mmoja kati ya wanne. Dawa ya malaria haiui bakteria.

Moja ya vijidudu hivyo kinaitwa Hib, kinacholeta homa ya uti wa mgongo na kichomi. Chanjo yake iliingizwa Kenya mwaka 2001. Maabara ileile, kwa chupa zilezile, iliweza kuhesabu kilichotokea: kutoka watoto 66 katika kila 100,000 wa chini ya miaka 5 kwa mwaka kabla ya chanjo, hadi 7.6 katika mwaka wa tatu baada yake. Mama anayempeleka mtoto sindano pale zahanati ya Gongoni hajui kwamba kuna mtu alikaa akihesabu chupa. Hana haja ya kujua. Lakini bila mtu huyo, nani angethibitisha kwamba sindano ile inafanya kazi hapa kwetu?

Mtu akifa na sababu isijulikane

Sasa turudi kwa wafu, maana hatutaki kulikwepa swali.

Mtoto akishikwa na degedege, ambalo wazee huku huita nyuni, akafa usiku, watu huuliza kimefanyika nini. Hospitali ikisema malaria ya ubongo, familia hukubali au hukataa, lakini je, hospitali yenyewe ina hakika? Kule Blantyre, Malawi, madaktari waliwaomba wazazi ruhusa ya kuchunguza miili ya watoto waliofariki baada ya kuandikiwa malaria ya ubongo. Walichapisha matokeo mwaka 2004. Katika watoto 31, watoto 7 walikuwa wamekufa kwa sababu nyingine kabisa. Hawa 7 walikuwa na vidudu vya malaria kwenye damu, kama walivyo navyo watoto wengi wa nchi zetu ambao wanacheza tu uwanjani, lakini si hivyo vilivyowaua. Kutokana na kazi hiyo madaktari walijua kwamba kuangalia nyuma ya jicho la mtoto kunasaidia sana kutofautisha, na kipimo hicho kinamfaa mtoto wa kesho akiwa bado hai. Kwa hivyo lile swali, kama wafu watapona, jibu lake ni hapana, hawatapona. Wanaopona ni wadogo zao.

Kuna jambo jingine ambalo katika kaunti yetu haliwezi kunyamaziwa. Kifo kisichojulikana sababu hakikai kitupu. Hujazwa. Anatajwa shangazi, anatajwa mzee mwenye mvi ambaye shamba lake lina macho mengi, na tunajua wote yaliyowapata wazee wengi wa Ganze, Magarini na kwingineko kwa kusingiziwa uchawi. Kituo cha Kaya Godoma huko Ganze kimewapokea wazee waliokimbia makwao kwa ajili hiyo. Hatusemi kwamba karatasi ya daktari itamaliza fitina ya shamba. Anayetaka shamba atatafuta sababu. Lakini ndugu wengine wa boma, wale wanaoyumba kati ya kusadiki na kutosadiki, wakipata mtu wa kuwaeleza kwamba marehemu alipasuka mshipa kichwani, au moyo wake ulikuwa umepanuka miaka mingi, wanakuwa na neno la kushika katika kikao.

Na Shakahola yenyewe. Miili zaidi ya 400 ilitolewa katika msitu ule na kupelekwa mochari ya hospitali ya Malindi, ambayo haikujengwa kwa hesabu ya namna hiyo, hata ikabidi kontena lenye baridi liletwe. Upasuaji ulianza tarehe 1 Mei 2023 chini ya mwanapatholojia mkuu wa serikali, Dkt. Johansen Oduor. Watu walikuwa wakisema wote wamekufa kwa kufunga. Upasuaji ulionyesha kweli kwamba wengi walikufa njaa, lakini pia wengine, watoto wakiwemo, walikuwa na dalili za kunyongwa, kuzibwa pumzi, au kupigwa. Tofauti hiyo ni kubwa mbele ya sheria na mbele ya wazazi. Aliyefunga amefunga, aliyenyongwa ana aliyemnyonga. Kisha ikaja kazi ya kujua nani ni nani kwa vipimo vya DNA, na familia za kwanza zilikabidhiwa wapendwa wao Machi 2024. Karibu mwaka mzima. Tuliozungumza na familia za namna hiyo tunajua mwaka huo ulikuwa mrefu kiasi gani.

Kwa ndugu zetu Waislamu, na kwa Wamijikenda wengi pia, kuchelewesha mazishi na kumkata marehemu ni uchungu juu ya uchungu. Hilo halipaswi kudharauliwa na daktari yeyote. Zipo njia zinazojaribiwa, kama ile inayotumika Kisumu katika uchunguzi wa vifo vya watoto, ambapo sindano nene huchukua vipande vidogo tu na mwili ukarudishwa bila kufunguliwa. Nayo pia inahitaji msomaji wa vioo.

Yanayowezekana kwetu

Tangu mwaka 2013 afya iko mikononi mwa kaunti. Kaunti ndiyo inayomwajiri daktari, na ndiyo inayomruhusu kwenda kusoma huku mshahara ukiendelea. Kwa hivyo katika mikutano ya wananchi ya kujadili bajeti, ambako watu hupiga kelele za barabara na maji, kuna haki pia ya kuuliza: madaktari wangapi wamepelekwa kusomea patholojia? Wakirudi, meza na mashine viko wapi? Tunaomba wawakilishi wa vikundi waulize hayo kwa adabu lakini wasiache.

Na kuna mambo ya nyumbani. Ukikatwa kinyama, uliza kama kimetiwa formalini. Maji au chumvi vinakiharibu, na kikioza hakuna felo wa kukisoma. Formalini iwe nyingi, kama mara 10 ya kinyama chenyewe, na kiasi hicho hakitoshi kwenye kichupa cha dawa ya macho. Jina liandikwe ubavuni mwa chupa, lisiandikwe kwenye kifuniko, kwa sababu vifuniko hubadilishana mezani. Fomu ijazwe yote: umri, mahali uvimbe ulipo, tangu lini. Daktari yule hakuoni, kwa hivyo fomu ndiyo macho yake. Andika namba ya maabara kwenye karatasi yako mwenyewe, na wiki zikipita usikae ukasema ningeitwa. Nenda, au mtume mtu, na namba mkononi.

Majibu yakija, omba nakala uiweke nyumbani pamoja na kitambulisho. Na kama matibabu hayaendi kama ilivyotarajiwa, jueni kwamba kile kipande cha nta hakitupwi baada ya kukatwa. Maabara huvihifadhi miaka mingi, na kinaweza kukatwa tena na kupelekwa kwa bingwa mwingine akakisoma upya, bila mgonjwa kurudi chini ya kisu. Unachohitaji ni ile namba, na kumwomba daktari wako aandike barua.